Mtaro wa Shemeji

Mimi ni kinyozi, na kazi ya kusimama kutwa ilikuwa imeninenepesha tumbo na kunikondesha pumzi. Aliyenitia kwenye baiskeli za milimani ni Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa kuchomelea vyuma. Kila Jumamosi asubuhi tulipanda kilima kilicho juu ya kitalu cha miche, kwenye kinjia tulichokikata wenyewe kwa jembe na panga. Yeye alifika kileleni bila kuweka mguu chini. Mimi, mwaka mzima, niliuweka palepale: mtaroni.

Mtaro huo Shemeji aliuchimba kwa mshazari, ukikata njia ili maji ya mvua yatokee pembeni yaingie kichakani. Lilikuwa sharti la mwenye shamba, tuliyemwita Mama Miche. "Piteni mtakavyo," alituambia, "lakini tope lisinifikie kitaluni."

Nililaumu kila kitu kabla ya kuulaumu mtaro. Nilisugua mnyororo kwa mswaki wa zamani mpaka mke wangu akauliza kama na meno yangu nayasugua hivyo. Nikabadilisha raba za breki, kana kwamba breki ndizo zinazopandisha mlima. Nikapunguza upepo wa tairi. Kila alfajiri nilipanda na kushuka ngazi za jengo letu, majirani wakidhani nimefukuzwa nyumbani. Miguu ikapata nguvu kweli. Lakini nikifika mtaroni, gurudumu la mbele linadumbukia, mwendo unakatika, na mguu huo, uko chini.

Alhamisi moja nilifunga saluni mapema, nikaenda peke yangu, nikaufukia. Nilijiambia ni kwa siku tatu tu, Jumapili nitauzibua. Jumamosi Shemeji alikuwa na mageti ya kumalizia, hakuja. Nilipanda mpaka juu, nikapiga kelele peke yangu kama mwendawazimu, kisha nikampigia simu.

"Nimefika, Shemeji! Bila mguu!"

"Si nilikuambia? Si nilikuambia?" Alifurahi kuliko mimi mwenyewe.

Jumapili nilirudi na jembe, lakini nikaona nionje raha hiyo mara moja zaidi, na jembe likarudi nyumbani safi. Jumatatu wateja walinibana. Jumanne mvua ilinyesha kutwa nzima.

Jumatano Mama Miche alituita wote wawili. Maji yalikuwa yameshuka na njia, yakaichimba, yakamwaga tope lote kitaluni. Safu nne za mipapai michanga zilikuwa zimelala chini.

"Fundi, mtaro wako umeniua," alimwambia Shemeji. "Kuanzia leo njia imefungwa."

Shemeji alivua kofia. "Kosa langu, mama. Labda sikuuchimba vya kutosha. Naomba unisamehe."

Mtu ambaye geti lake halijawahi kulalamikiwa anaomba radhi kwa kazi niliyoiharibu mimi! Nami nimesimama kando, najitia kukagua spoku za magurudumu ya baiskeli yangu. Niseme ukweli: nilifikiria kunyamaza. Tope lilikuwa limefuta kila kitu, na nani angejua? Wanasema mchuma janga hula na wa kwao, lakini hapa wa kwao alikuwa anakula peke yake, sahani nzima. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Si yeye, mama," nikasema. "Mtaro niliufukia mimi."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unanishinda kupanda."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka helmeti. "Mtu mzima?"

"Mtu mzima, mama."

Shemeji alivaa kofia yake, akanipa mgongo. Afadhali angenitukana.

"Njia naifungua," Mama Miche alisema. "Mtaro utauchimba wewe, na miche utaiinua mmoja mmoja. Na mpaka mipapai yangu ishike tena, hapa utapita kwa miguu, baiskeli begani."

Nilichimba siku mbili, mikono iliyozoea mikasi ikatoka malengelenge. Shemeji hakupiga simu. Jumamosi alikuja na ndoo ya maji, akaimimina juu ya mtaro. Maji yalikata kona yakaingia kichakani. Akatikisa kichwa kukubali, akashuka hadi chini, akapanda baiskeli yake na kuanza safari bila kunitazama.

Nilimfuata chini, nikajitwika yangu begani, nikaanza kukwea polepole. Alikuwa ameshaniacha mbali, na nilijua hatanisubiri.

Alipofika mtaroni akafunga breki. Akaweka mguu chini. Tangu tuanze, sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Akashuka, akaiinua baiskeli, akaitia begani, akasimama mpaka nikamfikia. Nikafungua mdomo nimwombe radhi.

"Usinisemeshe kwanza," alisema. "Bado nina hasira na wewe. Twende."

Tukapanda kwa miguu.