Kigingi Shinani kwa Mti wa Kahu

…na wala hakuuangalia, jamani, kapigilia kigingi chake palepale shinani kama mtu anayefunga mbuzi, kisha huyo anarudi kinyumenyume akifungua kamba, na Mereana ndiye kashikishwa ncha, asubuhi yote hii ya Septemba, magoti yamelowa umande, viazi vitamu vya mbegu vinamngoja kwenye mchanga havijafukiwa, "Vuta basi, we mama, mbona umelegea hivyo!" anapiga kelele Paora kutoka kwenye banda la kuku, banda la mwaka jana ambalo mpaka leo halina paa, kuku wanalala kwenye gari bovu, na kabla ya banda lilikuwa bwawa la bata, bata wenyewe wako wapi, kila kowhai ikichanua maua yake ya manjano mume wake hupandwa na wazimu wa kujenga, safari hii nyumba ya plastiki ya kuoteshea nyanya, na mti unatia kivuli, eti, mti utakatwa, eti, kalisema hilo kipupwe chote mezani kama anayesema chumvi imeisha, kasahau, mwanamume huyu kasahau kabisa, shimo alichimba mwenyewe, wakalifukia kondo la nyuma la mtoto na kupanda mche juu yake, kama wao walivyofanyiwa na wazee wao, mama yake Paora akaimba mpaka sauti ikakauka, na Paora akalia, huyuhuyu!, akasema huyu binti aende atakakokwenda, hapa atarudi… "Kamba, we mama!" "Si navuta!" …atarudi wapi, yuko Perth, ng'ambo ya bahari, anaendesha malori ya mgodini, bibi yake alipofariki walimngoja, godoro lake likatandikwa ubavuni mwa jeneza, wanapolala wafiwa, kwenye nyumba ya ukoo, msiba mzima hakuna aliyelilalia, akapiga simu tu, eti zamu, baba yake alipofoka akajibiwa huko si kwetu tena, baba, na tangu siku hiyo Paora hamtaji, hata yeye Mereana, aliyeitwa mama Kahu tangu ujana wake, kageuka "we mama", kama vile hakuzaa, na hilo nalo kalimeza, anampigia mtoto Jumapili kwa kujificha nyuma ya tenki la maji, maana katika nyumba hii lazima mmoja awe na moyo, lazima mmoja akumbuke kilichozikwa pale…

Paora amekuja, anaigusa kamba kwa kidole, sauti kaishusha. "Jumamosi naukata. Mwambie Roimata."

"Dada yako wa nini? Ana shoka?"

"Ana mdomo. Ukimwambia asubuhi, jioni Perth wameshajua." Anainama, anajifanya anakaza kigingi. "Atapiga simu, utaona. Atanitukana, baba una wazimu, kondo langu liko hapo! Na atukane. Nikishaisikia sauti yake sitaugusa hata jani."

Kumbe… kumbe hakusahau hata siku moja, kipupwe chote anautega huu mtego wake wa kijinga, nyanya hata hazipendi, Mungu wangu, na yeye Jumapili iliyopita, nyuma ya tenki, alishamwambia mtoto, baba yako anataka kuukata mti wako, akangoja makelele, akangoja, na Kahu akacheka, wala si kwa ubaya, alikuwa anatafuna kitu, kateni tu, mama, ni mti tu huo, na kicheko kile akakibeba wiki nzima akimchukia nacho mwanamume huyu, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, kwa sababu mtoto hachukiki, na sasa aseme nini, amwambie kwamba simu haiji…

"Utamwambia?" Paora bado kainama, hamtazami.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Leo leo," anasema Mereana. "Kashike vizuri huko, kamba imepinda."