Mistari ya Kukingama

Kwa miaka mitatu mfululizo Hannah alitukanwa kwa barua, na Kafedha ndiye aliyeajiriwa kuyasoma matusi hayo yote. Hayakuwa matusi ya sokoni. Yalikuwa matusi ya watu wa dini, yenye sura na aya, yanayoanza kwa "dada mpenzi" na kumalizika kwa "nakuombea", na hapo katikati mtu anachunwa ngozi akiwa hai. Mwandishi wake alikuwa Lydia, ndugu yake Hannah wa toka nitoke. Wote wawili walikufa huko kwao Amerika kabla babu yake Kafedha hajazaliwa, lakini hasira ya Lydia ilikuwa bado mbichi.

Ugomvi wenyewe ulikuwa huu. Lydia aliishi kaskazini. Hannah aliolewa kusini, na mwenye shamba la tumbaku lenye watumwa kumi na wanne. Kanisa lao lilikuwa moja mpaka mwaka 1845, lilipopasuka pande mbili: upande mmoja walisema mwenye watumwa asikaribie meza ya Bwana, na upande wa pili walisema akaribie tu, mbona Ibrahimu naye alikuwa nao. Hannah alibaki na hao wa pili. Lydia akachukua kalamu.

Kafedha alikuwa upande wa Lydia tangu barua ya kwanza. Angekuwa wapi kwingine? Aliolewa hapa Frere Town, na mama wa babu yake marehemu mumewe aliteremshwa hapa hapa kutoka kwenye chombo cha watumwa kilichokamatwa baharini, mtoto wa miaka tisa asiyejua kwao ni wapi. Kila Lydia alipomchapa dadake kwa aya, Kafedha aliitikia kwa kichwa mbele ya kompyuta na kunong'ona, "Mwambie, mama, mwambie."

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la simiti na mabati, kompyuta nne na feni moja iliyozunguka ilipotaka. Maktaba fulani ya Amerika ilituma picha za barua kuukuu, na watu wa chumba kile wakazinakili neno kwa neno ziweze kusomeka na kila mtu. Mmoja hunakili, wa pili hukagua. Kafedha alikuwa wa pili. Alifundisha Kiingereza miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu, na mwandiko wa kuunganisha aliusoma bila taabu, kwa kuwa yeye mwenyewe aliufunzwa kwa rula ya vidoleni.

Ijumaa hiyo alikuwa hoi. Miguu ilimvimba, macho yalimwasha, na mkuu wa ofisi, Gershom, alishapita nyuma yake mara mbili.

"Mwalimu, lile jalada la Lydia tulifunge leo. Wenyewe wanalingoja."

"Nalifunga, Gershom. Limebaki karatasi mbili."

Kilichomchosha hasa hakikuwa jalada. Asubuhi, kabla hajatoka nyumbani, simu ililia, na aliyepiga alikuwa shemeji yake Ruwa, mume wa dadake, kutoka Miritini.

"Shemeji, hujambo? Dadako Nyale asema kesho twafunga mahanga ya baba. Tukishafunga, basi, hapapikwi tena. Ukija, karibu sana. Usipokuja, hatutakusumbua tena."

Alisema kwa upole, bila lawama, na huo upole ndio uliomuuma Kafedha. Alijua maana yake. Miaka sita walimwita kila mwaka kwenye mahanga hayo, karamu ya kumkumbuka marehemu, na kila mwaka alijibu kwa kimya. Kesho ndiyo mara ya mwisho kuitwa, na dada mwenyewe alimbakia huyo huyo mmoja.

Baba yao, mzee Changawa, alikufa akiwa na dini mbili. Alibatizwa akaitwa Nicanor, akaimba kwaya, na wakati huo huo hakuacha hata siku moja kuwamwagia koma pombe ya mnazi, maana wazee waliotangulia kaburini, alisema, nao wana kiu. Alipokufa, mabinti zake wakamgawana. Kafedha, aliyeokoka, alitaka mchungaji na nyimbo. Nyale, dadake mkubwa, alitaka mchungaji na nyimbo na mbuzi wa kaburini na mnazi. Yote yakafanyika, kila upande ukiukodolea macho mwingine. Siku ya tatu chakula kikapakuliwa, na mtu yeyote wa pale alijua kwamba kilichopikwa kwa mbuzi wa kaburini huliwa pamoja na koma, na mtu aliyeokoka hakigusi.

Hapo ndipo Nyale alipopita katikati ya watu akiwa ameshika sahani iliyofunikwa, kwa mikono miwili, akamwekea mdogo wake miguuni. Kafedha alikuwa kasimama kutoa shukrani za familia. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake, na mtu aliyefundisha miaka mingi hivyo akipewa kipaza sauti hakirudishi hivi hivi.

"Chakula cha koma hakipiti kinywani mwangu," alisema, na shamba zima likasikia mpaka kule barabarani kwenye malori. Kisha akaisukuma sahani kwa mguu. Wali ukamwagika mchangani, kuku wakaja. Watu wa kanisani kwake wakapiga makofi. Nyale aliokota sahani, akaokota na kifuniko, akaondoka bila neno, na tangu siku ile hawakusemezana.

Kwa muda wa miaka sita Kafedha alijiambia kwamba alikuwa na haki. Bado aliamini hivyo. Ila alikuwa amechoka kuwa na haki peke yake, katika nyumba ya vyumba vitatu, Krismasi baada ya Krismasi.

Akaifungua barua ya ishirini na nane. Aliyeinakili alikuwa Mueni, mama wa watoto wawili, mfanyakazi mzuri ila mwenye haraka. Sehemu ya kwanza ilikuwa safi: Lydia anamwuliza dadake atajibu nini siku ya hukumu akiulizwa juu ya wale kumi na wanne, na anawataja mmoja mmoja kwa majina, Hannah asije akasema hakuwajua. Kisha, chini kabisa, Mueni alikuwa ameandika: *Mistari ya kukingama. Haisomeki.*

Jambo hilo la kukingama lilikuwa la kawaida zamani zile. Posta ilihesabu karatasi, kwa hiyo mtu akishaujaza ukurasa aliugeuza ubavu na kuandika tena juu ya maandishi yale yale, mistari mipya ikiikata ya kwanza kama mkeka. Macho machovu yakitazama huona vurugu tu. Kafedha naye alitazama, akaona vurugu. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kukubali.

"Mwalimu," Gershom aliita kutoka mlangoni, "bado?"

"Bado," alisema, na akajishangaa.

Aliuchapisha ukurasa ule kwenye karatasi, akaenda nao dirishani. Kulikuwa na ujanja aliofundishwa na mwalimu wake wa darasa la nne. Akaiinua karatasi bapa mpaka usawa wa jicho, akatazama kwa ubavu, kama fundi anavyotazama ubao kama umenyooka. Ukitazama hivyo, mistari ya upande mmoja hufifia na ya upande wa pili hujitokeza. Ikajitokeza. Alisoma polepole, mstari mmoja, kisha akapumzisha macho, kisha mwingine.

*Karatasi imeisha, hasira haijaisha, na katika hayo niliyoandika sifuti hata neno. Lakini naugeuza ukurasa nikuulize ya nyumbani. Kifua chako kimepoa? Mtofaa ulioupanda kabla hujaolewa umezaa mwaka jana, nami nimekukaushia vipande. Kitanda chako nakitandika kila Jumamosi. Kama hutaki kunijibu juu ya watumwa, nijibu juu ya kifua.*

Kafedha alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa pale dirishani. Baadaye alirudi kwenye kompyuta kutazama picha ya mgongo wa barua, mahali wapokeaji walipozoea kuandika kumbukumbu zao. Mkono uliotetemeka, wa Hannah mwenyewe, ulikuwa umeandika: *Imepokelewa mwezi wa tatu. Ya kukingama sikuyasoma, macho hayawezi.* Karatasi ya mwisho jaladani ilikuwa tangazo la kanisa la kusini, la mwezi wa saba mwaka huo huo. Hannah amezikwa. Kifua.

Basi huyo mtu alikwenda kaburini na matusi tu. Mapenzi yalimfikia, yakawa mkononi mwake, kwenye karatasi ile ile, na hakuyaona.

Kafedha alilia kidogo, si sana, maana Mueni alikuwa akimtazama. Na kilichomliza si Hannah. Lydia alikuwa na haki, na haki yake ilikuwa na uzito. Baina yake na dadake walisimama watu kumi na wanne, wenye majina, wanaouzika sokoni, na hata hivyo kitanda kilitandikwa kila Jumamosi. Baina ya Kafedha na Nyale palisimama nini? Sahani ya wali.

Alilifuta neno la Mueni, akayaandika ya kukingama yote, neno kwa neno, na jalada likafungwa saa kumi na mbili kasorobo, Gershom akinuna.

Kesho yake, saa sita mchana, Kafedha alikuwa Miritini. Njia nzima alikuwa akipatana na Mungu. Alikuwa ameshaamua: atakula. Atakula hicho hicho cha koma, mbele ya watu, na wakitaka kupiga picha wapige. Atatubu Jumapili. Mchungaji akimwuliza, atamwambia amwulize Lydia.

Nyuma ya maegesho ya malori, shamba la baba lilikuwa limebaki kipande. Watu walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, na kaburi lilikuwa limefagiliwa, likinuka mnazi. Nyale alikuwa jikoni uani, amekonda, nywele nyeupe zimetoka kwenye leso, akikoroga sufuria kubwa ya kulisha halaiki. Kafedha akasimama mbele yake, mkoba kifuani.

"Shikamoo, dada."

Nyale hakuacha kukoroga. Alizungusha mwiko raundi nzima, na nyingine tena.

"Marahaba," alisema. Kisha, "Miguu imekuvimba."

"Ni kukaa kitako kwingi."

"Uiweke juu ukilala."

Kwisha. Miaka sita ikafunguliwa kwa habari ya miguu. Kafedha hakutaka kungoja ujasiri wake upoe. Alichukua sahani kwenye lundo, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria kubwa, akanyoosha mkono kuuomba mwiko. Watu wa viti vya mbele wakageuka kutazama.

Nyale akamshika mkono.

"Si hiyo."

"Nataka hiyo, dada. Nimekuja kwa ajili ya hiyo."

"Hiyo ni ya mbuzi wa kaburini. Ushaokoka wewe. Chako ki huku."

Akamvuta mpaka nyuma ya jiko. Palikuwa na mafiga mengine matatu, na juu yake sufuria ndogo yenye kifuniko, iliyobonyea ubavu mmoja. Kafedha aliijua mara moja. Ilikuwa ya marehemu mama yao.

"Nyama ya buchani, mchele wa dukani," Nyale alisema. "Hakikupita kaburini hata kidogo. Kula bila wasiwasi."

"Umejuaje kama ntakuja?"

"Sikujua. Mimi hupika tu, kila mwaka."

"Na nisipokuja?"

"Ruwa hula. Ashazoea."

Kafedha alitaka kucheka. Alitazama sufuria, akatazama mikono ya dadake, na swali likamtoka kabla hajaliamua.

"Tangu lini, dada? Ulianza lini kunipikia mbali?"

Nyale alimtazama kwa macho ya mtu aliyechoka kubeba kitu na sasa amepata pa kukitua.

"Tangu siku ile."

"Siku ipi?"

"Siku ile, Kafedha. Wali ule ulitoka kwenye sufuria hii hii. Kwani nilikuwa sikujui? Nilijua huli cha koma. Nikaamka alfajiri nikakupikia mbali, nikakifunika, nikakuletea mwenyewe kwa mkono wangu nisije nikamtuma mtu akachanganya. Nilitaka kukwambia sikioni."

"Mbona hukusema?" Kafedha akauliza. "Dada, mbona hukusema?"

"Ningesemaje?" Nyale akajibu, akipakua. "Kipaza sauti ulikuwa nacho wewe."

Akampa sahani kwa mikono miwili. Kafedha akaipokea kwa mikono miwili, akaketi pale pale kwenye kibao cha kukunia nazi, na machozi yakaingia kwenye wali, naye akala hivyo hivyo. Nyale aliketi kando yake, akimfukuzia kuku. Kafedha alipomaliza aliulizwa kama aongezwe, akasema aongezwe, mpaka ukoko ukakwanguliwa.

Ruwa alipokuja na sahani yake baadaye kidogo, aliinua kifuniko, akachungulia, akakuta sufuria tupu. Akakirudisha kifuniko taratibu, akaenda kupanga foleni kwenye sufuria ya mbuzi.