Herufi za Walioondoka

Herufi M aliyoichora Benoît ilisimama miguu imetanuka, kama mtu aliye kwenye mteremko wa Mahango na mzigo kichwani, anatafuta pa kukanyaga. Mashine mpya haikuitaka. Ilivuta karatasi, ikavuma, ikatutolea M nyingine, iliyonyooka, M ya watu wa tambarare.

"Hii si yetu," nikasema.

Danieri, fundi aliyetoka Kampala kuja kuifunga mashine ile, aliichukua karatasi akaiangalia bila haraka. Hakuwa mtu wa dharau. "Fonti hiyo haimo tumboni mwake," akasema. "Kitu isichokuwa nacho, inaweka cha kwake. Haiulizi."

Haiulizi. Neno hilo halijanitoka hadi leo.

Ulikuwa mwaka wa 2017, mjini Kasese, katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha mzee Zedekia. Mimi ni Evas, Biira wa nyumba yetu, yaani binti wa pili. Shule yangu iliishia darasa la saba. Pale nilianza kwa kukunja karatasi na kuzishona, nikaishia kupanga kurasa kwenye kompyuta, kwa sababu macho yangu hayachoki upesi. Mashine ya zamani tuliilisha kwa mkono. Ilikuwa na pumzi yake: inavuta, inatulia, inavuta. Kitabu cha nyimbo kilikuwa kikituchukua majuma, na ukiwa umesimama pale unapata muda wa kuwaza mambo yako yote, hata yale usiyoyataka. Lakini Zedekia alikuwa amepata kazi ya mitihani ya shule nyingi, za mlimani na za bondeni, na mashine ya pumzi isingeiweza. Ndipo akaleta hili dude linalokula karatasi kwa maboksi.

Ili ikimbie, Danieri alitueleza, kila fonti, yaani kila aina ya herufi, lazima iingizwe ndani yake kwanza. Na kila moja ina uzito. Ukizijaza ovyo, mashine inakohoa, inasimama katikati ya kazi. Kwa hiyo tuchague chache, nyingine tuziache kwenye kompyuta ya zamani zikafie huko.

Zedekia na herufi zake alikuwa kama mwanamke na vitenge: kila moja aliipenda, nyingi hakuwahi kuzivaa. Nilizipiga chapa moja moja kwa ukubwa wa mtihani na ukubwa wa kitabu cha nyimbo, nikazitundika kwenye kamba kama nguo zilizofuliwa, tukapita chini yake tukitazama. Hii e inaziba wino ikiwa ndogo. Hii l na tarakimu 1 ni mapacha, mtoto atakosea hesabu. Tukaweka moja yenye vijiguu kwenye ncha kwa ajili ya nyimbo, moja isiyo na miguu kwa mitihani, na ndugu zao wanene kwa vichwa vya habari.

"Na ya Benoît?" nikauliza.

Zedekia alijifanya anatafuta miwani. "Ile ni ya misiba tu, Evas. Haina hata ndugu mnene. Tuiache ipumzike."

Nilikunja karatasi ya herufi za Benoît, nikaiweka kifuani.

Kambale Benoît alikuja kwetu kutoka Butembo, upande wa Kongo, mwaka mmoja kabla mto Nyamwamba haujaingia mjini. Kambale ni mvulana wa pili kwao. Huku kwetu angeitwa Bwambale. Mpaka ulikata nchi, haukukata majina. Alikuwa mrefu, anacheka kwa pua, na alichora herufi kwa kalamu ya mwanzi kwenye karatasi ya miraba, kisha anazipiga picha na kuzifuata kingo zake kwenye kompyuta, nukta kwa nukta. Mimi nilikaa kando namshikia taa.

"Angalia hii a, Biira. Iko na njaa."

"Ipe chakula basi."

"Nikiipa mingi itakuwa sawa na Zedekia." Na kile kicheko cha pua.

Akainenepesha kidogo mgongoni, ikainama kama mama aliyebeba kapu kwa kamba ya kichwani. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa zote, kila moja na mwili wa mtu niliyeweza kukutana naye njiani.

Mto ulipofurika, jina la kwanza tulilopiga kwa herufi zile lilikuwa la mtu aliyechukuliwa na maji. Watu wakaliona, wakalipapasa kwa vidole. Tangu hapo kila msiba ukaja na ombi lilelile: tuwekeeni zile herufi. Kwetu majina ni machache na watu ni wengi. Masika ni kila binti wa kwanza, Bwambale ni kila mvulana wa pili, na kwenye karatasi ya msiba marehemu hatumtengi juu peke yake. Tunampanga katikati ya ndugu zake kama alivyoketi nao maishani. Herufi ndizo zilizosema nani ameondoka. Walio hai waliandikwa kwa herufi za kawaida, aliyetutoka kwa za Benoît. Hata asiyesoma aliona. Bibi harusi mmoja alipozitaka kwenye kadi yake, mama yake aliichana kadi mbele yetu.

Halafu katika vijiji vya upande wa Beni, kulekule Kongo, watu wakaanza kuuawa. Benoît akaenda kumchukua mama yake.

"Unichungie herufi zangu," aliniambia mlangoni, begi begani. "Nikirudi nitachora ndugu yao munene."

Mama yake alikwisha kutoka kwa njia nyingine. Walipishana. Mama akafika Bwera, upande wetu wa mpaka, kwa dada yake Benoît, Emérance; mwana hakufika popote.

Hatukuwa tumeambiana neno lolote, mimi na yeye. Lakini nilijua nilivyokuwa nikiishika ile taa. Na nilijiambia: akirudi, azikute herufi zake mahali pake. Akizikuta zimetupwa, atajua tulimzika.

Mashine mpya ilianza kazi bila za Benoît. Juma halijaisha, mwanamke akaingia kiwandani, kitenge amekikaza kiunoni, karatasi ya msiba mkononi.

"Nani hapa aliniua? Nataka kumuona."

"Nyabo, mama, keti kwanza," Zedekia akasema.

"Maiti inakaa? Niambie, uliona wapi maiti inakaa!"

Alikuwa Masika Bulandina wa Karambi. Aliyekufa alikuwa Masika Bulandina wa Mahango, shangazi yake, aliyempa jina la ubatizo. Mashine, bila kuuliza, ilikuwa imeyapiga majina yote ya karatasi ile kwa herufi za aina moja.

"Watu ilikuja na ndizi, inalia mpaka mlangoni, na mimi iko ndani nasonga bundu ya muhogo! Mkwe wangu alipanda boda toka Hamukungu na samaki. Aliponikuta hai, akakasirika. Akarudi na samaki yake!"

Danieri alicheka mpaka akashika ukuta. Zedekia hakucheka. Alimpa mama yule kiti, akampa soda, na alipoondoka akanigeukia. "Rudisha zile za Benoît."

Nilitaka kuruka. Lakini Danieri alikuwa amefuta machozi ya kicheko, na sasa alijikuna shingo. "Kuingiza naweza leo hii. Ila kampuni yangu hainiruhusu kuingiza fonti ya mtu bila sahihi yake. Mwenyewe yuko wapi?"

Zedekia alielekeza kidevu upande wa mpaka.

"Kama hayupo," akasema polepole, "familia yake inatosha."

Ijumaa nilikwenda Bwera na karatasi ya Danieri ya kutiwa sahihi. Emérance nilimkuta soko la Mpondwe, pale mpakani, nyuma ya madumu yake ya mawese, vidole vyekundu. Alifunga biashara akanipeleka nyumbani. Mama yao alikaa pale alipokaa siku zote, kwenye kizingiti, uso kwenye barabara inayotoka daraja la mpakani. Niliwaeleza yote: mashine, herufi, Masika wawili. Emérance alitabasamu nilipofika kwenye samaki. Mama alisikiliza bila kuondoa macho barabarani.

"Batatia wino kwa zile herufi zake?" akauliza mama. "Hata kama yeye haiko?"

"Ndiyo, mama. Hazitapotea."

"Na karatasi hii, mwenyewe njo anaandikaka?"

"Mwenyewe. Au familia, kama yeye..."

Mama aligeuka sasa, akanitazama. Macho yake yalikuwa ya Benoît, sikuwa nimeliona hilo kabla.

"Mutoto yangu, mutu iko muzima, mama yake anaweza kumuwekea kidole?"

Kuku alipita ndani ya nyumba akatoka. Nikakunja karatasi niirudishe mfukoni, nikasema basi, mama, tutatafuta njia nyingine.

Mama akanyoosha mkono. "Leta."

Wino sikuwa nao. Emérance alifungua kalamu, akampaka mama yake kidole gumba, na mama akakiweka kwenye karatasi, akakishikilia pale muda mrefu, kama mtu anayemkandamizia mwingine jeraha. Alipokiinua hakutazama tena barabarani. Aliinuka, akaingia ndani.

Siku ileile niliporudi, Danieri aliziingiza. Tulipiga ukurasa wa kujaribu: M ikatoka miguu imetanuka, a na kapu lake mgongoni. Zedekia alinipiga bega. "Zimepona, Evas." Nami nilifurahi. Nasema kweli, jioni ile nilifurahi.

Baada ya majuma machache Emérance akaja. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, siku isiyo ya kanisa.

"Mama anasema tumufanyie misa ya wafu," akasema. "Padri alikubali. Banataka karatasi ya msiba."

Nikavuta kiti, nikaandika majina aliyonitajia. Mama yao. Wajomba. Emérance mwenyewe. Katikati ya ndugu zake nikaandika Kambale Benoît, kwa herufi ya kawaida, ile ya walio hai. Nikamgeuzia kioo aone.

Alisoma. Akasogeza kidole chake chenye mawese hadi kwenye jina la kaka yake, hakukigusa kioo.

"Si zile zake."

"Hakuna aliyemuona, dada. Hakuna kaburi."

"Najua." Akaniwekea mkono begani. "Sisi tuko batu ya kungojea, Biira. Hata weye. Lakini mama amechoka. Tangu siku ya kile kidole hakai tena mulangoni. Weka mu zile zake."

Nikalichagua jina, nikalibadilisha. B ikavimba kifua. K ikarusha mguu mmoja mbele, kama mtu anayetoka na begi.

Mashine ya zamani ingevuta, ikatulia, ikavuta. Ingenipa asubuhi nzima ya kusimama naye. Nilibonyeza. Nikageuka kumvutia Emérance kiti karibu yangu, tungoje pamoja. Kabla hajakaa, mashine ilikuwa imenyamaza, na karatasi zote zilikuwa zimejipanga kwenye trei, bado zina joto.