Manjano ya Saadiya

Picha za simu za Saadiya zilikuwapo tele, lakini mama yake, Bi Mwatima, aliitaka moja tu: ya mwisho, aliyopigwa na dada yake Tahiya wakati yumo ndani anasingwa, anasuguliwa manjano na manukato, harusi imekaribia. Bahati mbaya filamu ilikuwa ya nyeusi na nyeupe. Homa ikamchukua bibi harusi kabla ya nikaha, na waosha maiti wakamtoa manjano yote mwilini. Sasa macho ya mama yalikuwa yanaingia kiza, na daktari keshasema hayarudi.

"Nitilie rangi, mwanangu. Nimuone alivyokuwa siku ile, kabla sijawa kipofu."

Tahiya kazi hiyo aliijua. Unakoroga gundi ya mgunga na rangi ya unga na dawa ya kushika jua, unapaka karatasi, unaiweka juani chini ya filamu, kisha unaiosha. Penye jua rangi inaganda, kwengine inakwenda na maji. Nywele na macho alishayachapa kwa masizi, yakakubali. Shida ngozi. Akajaribu udongo mwekundu. Bi Mwatima akaisogeza karatasi hadi puani.

"Khaa! Huyu mgonjwa."

Akajaribu rangi ya dukani, ile isiyopauka miaka nenda miaka rudi.

"Huyu maiti, Tahiya. Mimi nilizaa mtu."

Basi mama akafungua kasha, akatoa kibakuli cha manjano ya Kidichi yaliyobaki kwenye singo. Bado yalikuwa yananukia.

Tahiya akakipokea kwa mashaka. Manjano, kila anayefua nguo anajua, hayapatani na jua: doa lake ukilianika linakimbia. La kuvunda halina ubani. Alipaswa kusema. Lakini ungesema wewe, unatazamwa na macho yale? Akakoroga tu.

Picha ilipotoka kwenye beseni, Saadiya alikuwa hai. Bi Mwatima alilia, akaibusu, akaitundika dirishani penye mwanga, maana kwengine haoni.

Wallahi ilianza kuondoka siku hiyo hiyo. Kwanza paji la uso, kisha mashavu. Tahiya kila akipita aligeuza uso, roho inamsuta. Na kadiri picha ilivyopauka, nyumba ikazidi kunukia singo, na hakuna aliyekuwa akisingwa.

Asubuhi moja zikabaki nywele na macho, uso hamna. Tahiya akaona basi, leo atasema kweli. Akanawa, akapiga magoti mbele ya mama.

"Mama, nisamehe. Nilijua manjano hayatakaa. Picha imekwenda."

Bi Mwatima alikuwa haoni tena chochote. Alinyoosha mikono, akampapasa Tahiya mashavu, akainusa mikono yake mwenyewe. Viganja vya mama vilikuwa vya manjano. Tahiya akajitazama kwenye kioo cha kabati: uso mzima umepakwa, bado mbichi, na yeye manjano hakuyagusa tangu ile siku ya kuchapa.

"Saadiya," mama akaita, anacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Umekuja, mwanangu?"

Tahiya alifungua mdomo ataje jina lake mwenyewe. Mdomo ukajibu, "Naam."