Mtama wa Mama Zipora

Mwalimu Sostenes aliwaagiza darasa la saba kila mtu abuni jaribio lake la sayansi. Wengine wakakimbilia sumaku na mishumaa. Zipora hakuhitaji kuwaza. Alitaka kujua kama mtama wa marehemu mama yake ungali hai.

Mama yake alikuwa na mbegu yake mwenyewe, aliyoichagua suke kwa suke tangu aolewe, na pale kijijini kwao, karibu na Mhunze, watu walimwonea wivu wa waziwazi. Ukame ukiwaumbua wengine, yeye anavuna. Masuke ya mbegu aliyaning'iniza jikoni juu ya mafiga, moshi uyafukuzie wadudu. Sasa hayupo, na mvua zi njiani.

Zipora alipanga kazi yake kama alivyofundishwa. Kopo la kwanza, mbegu za mama. La pili, za dukani. La tatu, za dukani zilizochemshwa zikafa kabisa, ziwe za kulinganishia. Pamba ile ile, maji sawa, kivuli kimoja. Mwalimu akamsifu, na mtoto wa watu akashinda anatabasamu.

Za dukani zikachipua. Zilizochemshwa zikavimba, zikanuka. Za mama nazo zikavimba, zikanuka.

Akarudia kwa suke jingine. Yakawa yale yale.

"Masuke yalikaa wapi?" mwalimu akamuuliza. Alipoambiwa ni jikoni, juu ya mafiga, akaongeza: "Moto wa hapo ukoje?"

"Mama alikuwa anawasha moto mdogo tu, mwalimu..."

Msibani moto haukuwa mdogo. Ukoo mzima ulikuja, wa Kahama na wa Bukombe, na kwa kuwa nje upepo ulikuwa mkali, akina mama walijaza magogo jikoni, masufuria ya maharage yakachemka usiku na mchana. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Hakuna aliyeinua macho juu. Nani angeinua, na kila mtu analia? Waliompenda mama yake ndio waliozichoma mbegu zake, na hapakuwa na wa kulaumu. Hilo lilimuuma Zipora kupita yote.

Penye hitimisho aliandika: Mbegu za mama hazitaota. Kisha akafuta "za mama", akaandika "za kopo la kwanza", maana ripoti haitaki mambo ya nyumbani.

Alipotoka shule alimkuta baba yake, mzee Mayala, kwenye shamba la mama. Amekwisha kulima. Mtama uliobaki ameupukuchua, umo ndani ya beseni.

"Zimeota, mayu?" Ndivyo alivyozoea kumwita bintiye, kama anayemwita mama yake mzazi.

"Hapana, baba. Zimekufa zote. Ni ule moto wa msibani."

Mzee aliliangalia beseni. Kisha akashika jembe, akaanza kuchimba mashimo.

"Baba, nimejaribu mara mbili."

"Nimekusikia. Lete beseni."

Zipora alijua, si ameandika kwa mkono wake mwenyewe? Akavua viatu vya shule, akamfuata baba yake nyuma, akidondosha mbegu katika kila shimo na kufukia kwa mguu, taratibu, asiziumize.