Miko ya Bibi Mwanne

Saturnini alikuwa tapeli asiye na hata bidii ya utapeli. Sokoni Nachingwea alivaa koti jeupe lenye doa la mchuzi, akashika kipaza sauti na kutangaza kwamba dawa yake huziba matundu ya mifupa kama fundi azibavyo ukuta. Watu wazima na akili zao wakaitikia. Amna, mwalimu asiyezoea kusema mbele za watu, alinunua chupa, akaionja. Mlonge wa kuchemsha. Ule ule uliozunguka ua wa bibi yake kule Nambilanje, hata mbuzi wameuchoka.

Akapanda bodaboda kwenda kwa bibi, na hasira zake. Msimu uliopita Bibi Mwanne aliteleza akiokota korosho, akavunjika kifundo cha mkono. Hospitali ikasema mifupa yake imekuwa myepesi, ikampa vidonge na kumkataza kuinama. Sasa vidonge ameviacha kwa ajili ya chupa ya Saturnini. Akija kuvunjika nyonga, hainuki tena.

"Bibi, unakunywa chakula cha mbuzi," alimwambia.

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Mlonge nimeupanda mwenyewe, nisiujue? Mimi nataka miko ya huyo mganga."

Akaeleza taratibu. Daktari alipomkataza kuinama, mwanawe Ismaily alisema daktari hajui shamba, akamkabidhi ndoo ya kuokotea korosho. Saturnini alipokataza jambo lile lile, Ismaily alinywea, akaibeba ndoo mwenyewe. Mgongo ukapumzika, maumivu yakatulia, kijiji kikaisifu chupa. Lakini Saturnini alikataza na vidonge, na Ismaily alikuwa mkali kuliko mganga mwenyewe.

Dharau ya Amna ikamwacha Saturnini, ikamtafuta mjomba wake Ismaily. Baba wa watu, amempuuza daktari, amempuuza mama yake mzazi, anatetemekea muuza majani.

Jioni Ismaily akaja kuuliza miko inaisha lini, maana korosho zimejaa chini. Amna akainamisha macho kama kawaida yake.

"Nimetoka kwa Saturnini leo, mjomba. Masharti yamebadilika. Vidonge vya hospitali ameze bila kuruka, na kuinama ni mwiko mpaka mwisho wa maisha. Akiinama, mikorosho ya mwanawe inakauka."

Ismaily aliitazama mikorosho yake, mmoja mmoja. Kisha akaokota ndoo, akaenda kuinama.

Bibi Mwanne akaomba maji ya kumezea vidonge.