Namba ya Mlango Shingoni mwa Boke

Siku lori la operesheni lilipofika mlimani kwao, huko Nyanungu, bibi Boke alikataa kutoka ndani. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda chake, akaishika nguzo ya katikati. Mgambo wakambandua mikono, wakamnyanyua na kigoda chake, wakampakia pamoja na kuku na masufuria. Lori lilipoanza kuteremka, nyumba ilikuwa imeshaangushwa na nyasi za paa zinawaka, ili mtu asipate pa kurudi. Huo ulikuwa mwaka 1974, mwaka wa kuhamia vijijini.

Kijiji kipya kilikuwa bondeni, viwanja vimepimwa kwa kamba, nyumba zimepangwa mstari mmoja. Kila mlango ulipigiliwa kibati chenye namba. Boke alikuwa akiishi na mwanawe Machage na mke wa Machage, Mokami. Tangu siku ile ya lori, bibi alinyamaza. Alikula kidogo, akageuza kigoda chake kuelekea mlimani, na mtu akimsalimia alitikisa kichwa tu.

Mokami hakuvumilia kumwona hivyo. Asubuhi moja alimwambia mumewe anakwenda kutafuta kuni, akapanda hadi kwenye boma lao la zamani na kuanza kufukua majivu kwa jembe. Alikuta shanga za mama mkwe zimeyeyuka, zimeshikana kama donge la sukari guru. Alikuta vifungo vya shaba vya koti ambalo marehemu baba mkwe alirudi nalo kutoka vitani. Alikuta kichwa cha taa ya chemli, ufunguo wa boksi ambalo sasa lilikuwa mkaa, na senti za zamani, zile zenye tundu katikati. Akavifunga vyote kwenye kanga, akashuka navyo chini ya mzigo wa kuni.

Siku ya mnada wa Tarime alipitia Nyamisangura kwa Shaaban, fundi baiskeli, akamwomba waya wa breki uliokatika. Shaaban alimpa na koleo la kuazima. Mokami alikuwa amefundishwa na mama yake mzazi tangu utotoni kusokota bangili za waya, kwa hiyo mikono haikuwa migeni. Aliufumua ule waya nyuzi nyuzi, akazisuka. Akapitisha senti, kati yake akaweka vifungo, akaning'iniza ufunguo mbele, na donge la shanga chini yake. Kichwa cha taa alikigonga kwa jiwe hadi kikawa kisahani kinachong'aa.

Alipomvisha mama mkwe, bibi aliupapasa ule mkufu polepole, kitu kimoja kimoja. Alipofika kwenye ufunguo alisimama.

"Huu ulikuwa mgumu kuzunguka," alisema. "Baba yenu alikuwa akiupaka samli."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu wahamie. Jioni ile alikula ugali akaongeza.

Wanawake wa jirani waliusikia ule mkufu ukilia bibi alipotembea, wakaja kuutazama. Mogesi, wa nyumba ya pili, alikwenda kwenye majivu ya kwao akarudi na bawaba ya mlango na kipande cha kikombe cha maua. Mokami akamtengenezea hereni. Wengine wakafuata. Baada ya muda, ukikaa kisimani uliweza kumtambua mwanamke na mlima alikotoka kwa kilichoning'inia shingoni au masikioni mwake.

Mwenyekiti wa kijiji, Joram, hakupenda. Kwenye mkutano alisema makorokoro yale ni ya watu ambao miili imehamia na mioyo imebaki nyuma, kwamba yanarudisha nyuma maendeleo, na kuanzia siku ile hataki kuyaona. Akamwambia Boke, aliyekaa mbele, avue awe mfano.

Boke hakujigusa. Joram akasogea, akauvuta mkufu kwa nguvu hadi waya ukakatika na kuacha mchirizi wa damu shingoni mwa bibi. Mkufu aliuweka mfukoni. Tangu hapo hakuna aliyeuona tena.

Machage alimshika mkewe mkono asije akasema neno. Mokami alimwosha bibi shingo. Kisha alichukua koleo, akaenda mlangoni, akakibandua kibati cha namba kumi na tisa. Alikitoboa kwa msumari, akakunja pembe zake, akakitia kwenye waya pamoja na vizibo vya soda walizokunywa wageni wa mkutano. Mchana huohuo Boke alipita mbele ya ofisi ya kijiji akiwa na namba ya nyumba kifuani, akitembea taratibu kuliko kawaida yake.

Siku zilizofuata milango mingi ilibaki mitupu.

Joram alipeleka taarifa, na afisa akaja na Land Rover kutoka wilayani. Aliwakuta wanawake wamesimama mbele ya ofisi, kila mmoja na namba yake shingoni. Alimwamkia Boke shikamoo, kisha akauliza nani alianza.

"Mimi," alisema Mokami.

"Mama, unajua hii ni mali ya serikali?"

"Najua. Mlituambia tuhame, tukahama. Mlitupanga mstari, tukapangika. Lakini shingo zetu hazikuwemo kwenye operesheni. Mwenyekiti alichukua vitu vya mama, akamtoa damu. Kama hataki tuvae vya kwetu, tutavaa vya kwake."

Afisa alimtazama Boke shingoni, jeraha la waya lilikuwa bado halijapona. Alimwita Joram pembeni, na walipozungumza Joram alikuwa akitazama chini. Hukumu ikatoka: namba zitaandikwa upya kwa rangi milangoni, na Mokami, kwa kuharibu kibati, atabeba mawe ya zahanati hadi msingi uishe. Juu ya mapambo afisa hakusema lolote, wala Joram hakuyataja tena, ingawa yeye na Mokami hawakuamkiana tena.

Mokami alibeba mawe akiwa amevaa senti na bawaba walizomwazima majirani. Mogesi na wenzake walikuja kumsaidia bila kuitwa, nao wamevaa, na msingi ukaisha mapema.

Alasiri ya mwisho ya kubeba mawe alimkuta bibi mlangoni amenuna.

"Hiki kibati chako kinanikwaruza," alisema Boke.

"Nikuvue, mama?"

"Nani amesema univue? Nimesema kinakwaruza. Kisugue."

Mokami akatafuta jiwe, akaketi pale pale mbele ya nyumba, njiani, mahali ambapo kila aliyekwenda ofisini lazima apite, akaanza kuusugua ukingo wa kile kibati.